Para na Gardénal: Dawa Mbili Zilizokutana Katanika

Vita kati ya Watwa na Waluba, vilivyopamba moto mwaka 2016 na 2017, viliwafukuza watu kutoka vijiji vingi vya jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Wengi walikimbilia Kalemie, na pembezoni mwa mji huo, mahali paitwapo Katanika, vikaota vibanda vya nyasi vilivyobanana mpaka pakawa kambi kubwa ya wakimbizi wa ndani. Mtu anayekimbia mishale na risasi hubeba mtoto, na sufuria ikiwa iko karibu. Pakiti ya Gardénal, dawa ya kifafa ambayo haifai kukatishwa ghafla, ni ndogo mno kukumbukwa usiku wa namna hiyo. Nayo ikikatishwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, mara nyingine mfululizo bila mgonjwa kuzinduka katikati.

Ndani ya kibanda cha nyasi, moto unawaka katikati ya mafiga matatu, hatua moja tu kutoka mkekani. Mwenye kifafa akianguka, huangukia hapo. Hata asipoungua, huzinduka kichwa kikimgonga, ulimi umejeruhiwa, na misuli inamuuma kama aliyepigwa. Ongeza malaria, ambayo kando ya Ziwa Tanganyika haimwachi mtu mwaka mzima. Ndiyo maana anayetumia Gardénal huihitaji parasetamoli, para kama inavyoitwa madukani, kuliko jirani yake mwenye afya. Na ndiyo maana swali hili si la anasa: je, para inafaa kunywewa juu ya Gardénal?

Jibu lipo, nalo ni jema. Lakini limepatikana vipande vipande, kwa muda wa karibu miaka mia na hamsini, na vipande hivyo havijafika Kalemie pamoja. Kimoja kilikuja na wamisionari, kingine na reli, kingine kimebaki kwenye vitabu vya madaktari. Mgonjwa wa Katanika hupewa para na yeyote: muuza duka, jirani, mama mkwe. Gardénal hupewa na watu wachache sana, tena siku chache. Anayempa moja mara nyingi hajui kwamba anatumia na nyingine. Ninaamini madhara makubwa yanatokea kwenye mwanya huo, hata kuliko yale yanayotokana na kemia yenyewe.

Kusini mwa Kalemie, kwenye ufuo huohuo wa magharibi wa ziwa, iko Mpala, na ng'ambo yake upande wa Tanzania iko Karema. Vituo vyote viwili vilianzishwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold II, vikakabidhiwa wamisionari wa Mapadre Weupe mwaka 1885. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880 alifika Karema mtu ambaye ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi wa ukanda huu amjue. Adrien Atiman alizaliwa pande za Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Sahara ya Algeria, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Alikuja ziwani akiwa daktari na katekista, akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake ya kazi yanatosha kupimia historia yote ya dawa hizi mbili. Alipofika, dawa za maabara za kutuliza homa na maumivu ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuuzwa Ulaya. Mwaka aliofariki, Panadol iliingia madukani Uingereza.

Kwa kifafa, dawa pekee ya maana aliyoweza kuijua daktari wa zama hizo ilikuwa bromidi ya potasiamu. Wagiriki wa shule ya Hippocrates walikuwa wamekwisha kuandika, miaka kama 400 kabla ya Kristo, kwamba ugonjwa huu unatoka kwenye ubongo wala hauna uungu kuliko magonjwa mengine. Kujua unakotoka hakukuwapa dawa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1857, Charles Locock aliposimama mbele ya madaktari wenzake London na kueleza kwamba bromidi ilikuwa imewapunguzia kifafa wagonjwa wake. Sababu aliyoidhania ilikuwa ya makosa, lakini dawa ilifanya kazi. Bei yake kwa mgonjwa ilikuwa usingizi wa mchana, akili nzito na vipele vibaya usoni.

Dawa za maumivu zilizaliwa kwingine. Mwaka 1886, katika mji wa Strasbourg uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wakimtibu mgonjwa wa minyoo kwa naftalini. Duka la dawa likawaletea kitu kingine kwa makosa: asetanilidi, kemikali iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, malighafi ya viwanda vya rangi za nguo. Homa ya mgonjwa ikashuka. Kosa hilo likawa biashara. Lakini asetanilidi iliwageuza baadhi ya wagonjwa midomo na kucha kuwa buluu, kwa sababu iliharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Mwaka uliofuata kampuni ya Bayer ikatoa fenasetini, ndugu yake aliye mpole zaidi, ambayo baadaye iligundulika kuharibu figo.

Hapa ndipo anaingia Josef von Mering, na sijui kwa nini jina lake halitajwi zaidi. Mwaka 1893 von Mering aliwapa wagonjwa ndugu wa tatu wa familia hiyo, kemikali ambayo Harmon Northrop Morse alikuwa ameitengeneza Baltimore katika miaka ya 1870. Hiyo ndiyo parasetamoli. Alikubali kwamba inashusha homa, ila akahukumu kwamba nayo inaharibu damu. Kwa hukumu hiyo para iliwekwa kando kwa zaidi ya miaka hamsini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1903, von Mering huyohuyo, pamoja na mkemia Emil Fischer, alileta Veronal, dawa ya usingizi, ya kwanza katika ukoo wa mababituri. Kutoka ukoo huo Bayer ilipata fenobabitali, kemikali iliyomo katika Gardénal, ikaanza kuiuza mwaka 1912 kwa jina la Luminal. Daktari kijana wa Freiburg, Alfred Hauptmann, aliitumia kuwatuliza wagonjwa wa kifafa na akaona jambo ambalo hakulitarajia: hawakulala tu, bali walianguka mara chache zaidi.

Mtu mmoja, basi, aliifungia para mlango na kuifungulia njia Gardénal. Dawa hizo zingekuja kukutana tena, kwenye ini la mgonjwa, baada ya yeye kufa.

Luminal ilipata miaka miwili tu ya amani. Vita Kuu ya Kwanza ilifika hadi Ziwa Tanganyika: Wajerumani walitamba na meli zao kutoka Kigoma, na mwezi Desemba 1915 Waingereza walishusha majini, karibu na mdomo wa Mto Lukuga, boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimeburutwa nchi kavu kutoka kusini. Mwaka huohuo reli kutoka Kabalo ikafika Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Kuanzia hapo mji ulikuwa na njia mbili za kupokea dawa: treni kutoka bara na meli kutoka Kigoma. Baada ya vita Wafaransa waliacha kutegemea viwanda vya Ujerumani, na kampuni ya Poulenc ikauza fenobabitali kwa jina la Gardénal. Jina hilo lilifuata lugha ya Kifaransa kila ilikotawala, na ndilo lililobaki Kongo, wakati Tanzania na Kenya wagonjwa hulijua zaidi jina la kemia. Kwa hiyo mgonjwa akivuka ziwa kwenda Kigoma, kama Wakongo wengi walivyolazimika kufanya miaka ya vita, anaweza kudhani amepewa dawa mpya ilhali ni ileile, au akanywa zote mbili.

Dawa nyingine za kifafa nizipitie upesi. Fenitoini ilithibitishwa Boston mwaka 1938 na Tracy Putnam na Houston Merritt. Kabamazepini ilitengenezwa Basel mwaka 1953. Nguvu ya valproati iligunduliwa Grenoble mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa bahati, ilipokuwa ikitumika kuyeyushia dawa nyingine. Zote zilipata nafasi hospitalini, ila hakuna iliyoishinda fenobabitali kwa bei. Hauptmann mwenyewe hakuona heshima aliyostahili. Alikuwa Myahudi, Wanazi wakamfukuza, akafia Marekani mwaka 1948. Mwaka huohuo na uliofuata, New York, Bernard Brodie na Julius Axelrod walionyesha kwamba asetanilidi na fenasetini hugeuka parasetamoli mwilini, na kwamba parasetamoli ndiyo inayotuliza maumivu, bila kuharibu damu. Von Mering alikuwa amekosea. Para ikatolewa kifungoni.

Afrika Mashariki ilipata somo lake la kwanza kubwa kuhusu kifafa huko Mahenge, kusini mwa Tanzania. Daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko mwaka 1960. Miongoni mwa Wapogoro wa huko alikuta wagonjwa wengi mno, wengi wao watoto, na baadhi yao wakiwa na hali ya kuangusha kichwa mara kwa mara, ambayo leo inatajwa pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Alikuta pia hofu. Mate ya mgonjwa yaliaminika kuambukiza, kwa hiyo alikula peke yake, alilala peke yake, na alipoanguka motoni watu walisita kumgusa. Makovu ya moto aliyoyaona kwa wagonjwa wake ni makovu yaleyale ambayo muuguzi wa Katanika anaweza kuyaona leo. Jilek-Aall aliwapa fenobabitali. Wengi walipungukiwa na kuanguka, wengine wakaacha kuanguka kabisa, wakarudi mashambani na mezani pamoja na wenzao. Dawa ya senti chache iliwarudishia watu jamaa zao. Kila ninapoona fenobabitali ikidharauliwa kwa sababu ni ya zamani, huifikiria Mahenge.

Wakati Mahenge inaanza, maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa zikigundua jambo ambalo fenobabitali hulifanya bila kumwonyesha mgonjwa dalili yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Herbert Remmer, Mjerumani, aliona kwamba wanyama waliopewa babituri kwa siku kadhaa huanza kuiondoa mwilini upesi zaidi. Allan Conney na wenzake Marekani walifikia jambo hilohilo. Ini likizoea fenobabitali huzalisha vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja kemikali. Ni kama kiwanda kilichoajiri vibarua kwa ajili ya mzigo mmoja: vibarua hao wakiwa wapo, hushambulia kila mzigo unaoingia. Fenitoini na kabamazepini hufanya vivyo hivyo. Valproati haifanyi, na mara nyingi huelekea upande wa pili, ikizuia vimeng'enya badala ya kuviongeza.

Sehemu kubwa ya para huvunjwa kwa njia salama na kutoka na mkojo. Sehemu ndogo hugeuzwa na vimeng'enya kuwa sumu, na ini huizima sumu hiyo papo hapo kwa glutathioni, kinga ambayo mwili huitengeneza kutokana na protini ya chakula. Mwaka 1966 madaktari wa Uingereza walianza kuandika habari za watu waliomeza para nyingi kwa mkupuo na kufa kwa ini kuharibika. Mwaka 1973 kundi la Jerry Mitchell huko Bethesda, Marekani, likaeleza utaratibu wenyewe, na katika majaribio yao likaonyesha kwamba panya waliopewa fenobabitali kabla ya para ini lao liliharibika vibaya zaidi kuliko wengine.

Kutoka kwa panya hao ndipo ilipotoka hofu ya kuchanganya. Ina msingi, lakini inafaa iwekwe mahali pake. Panya walipewa dozi kubwa sana. Kwa binadamu anayetumia para kwa kipimo sahihi, kwa siku chache, madhara kwa sababu ya Gardénal hayajaonekana kuwa jambo la kawaida, na para ndiyo dawa ya maumivu ambayo madaktari wengi humpa kwanza mwenye kifafa. Jambo la kuangalia ni akiba ya glutathioni. Mtu mwenye njaa anayo kidogo. Mnywaji wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, anayo kidogo. Mtu aliyekonda kwa miezi ya ukimbizi, akiwa na vimeng'enya vilivyoongezeka kwa Gardénal, anaweza kuwa na vyote viwili: sumu zaidi na kinga pungufu. Kuna jambo jingine dogo: vimeng'enya hivyo vinaweza kuiondoa para upesi, maumivu yakarudi kabla ya saa, na mgonjwa akashawishika kuongeza kidonge. Hapo ndipo ninapopaogopa.

Dawa nyingine za maumivu zina historia yenye ukali zaidi. Aspirini, inayouzwa tangu 1899, ikitumiwa pamoja na valproati huisukuma kutoka kwenye protini za damu na kupunguza kasi ya kuondolewa kwake, hivyo valproati inaweza kumlevya mtoto hata kama dozi yake haikubadilishwa. Isitoshe, watoto wenye homa hawapewi aspirini, kwa sababu ya ugonjwa adimu wa ini na ubongo unaoitwa Reye. Ibuprofeni, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, kwa kawaida haina ugomvi mkubwa na Gardénal, ingawa tumbo lenye njaa au vidonda huichukia, na figo za mtu aliyekaukiwa maji kwa kuhara zinaweza kuathirika. Ni jambo la kuzingatia Kalemie, mji ambao kipindupindu huurudia mara kwa mara.

Inayonitia wasiwasi kuliko zote ni tramadoli. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na leo inapatikana mitaani katika miji mingi ya Afrika, mara nyingi kwa nguvu kubwa kuliko anazoandika daktari. Tramadoli yenyewe inaweza kusababisha kuanguka, hata kwa mtu asiye na kifafa. Kwa mwenye kifafa ni kumwaga mafuta ya taa pale anapolala. Juu ya hayo, ikikutana na Gardénal, usingizi wa dawa zote mbili hujumlishwa na pumzi inaweza kupungua. Mwenye kifafa aliyeungua moto, akiuma na kulia, hapaswi kupewa tramadoli na muuza duka kwa kuwa tu ndiyo yenye nguvu.

Kuhusu dawa za kifafa zinazojumlishwa, Kilifi, pwani ya Kenya, ilitoa funzo chungu mwaka 2000. Jane Crawley na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya jaribio kwa watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu yao walipewa sindano moja ya fenobabitali ili kuzuia degedege, nusu walipewa dawa bandia. Degedege ilipungua kama ilivyotarajiwa. Lakini waliopewa fenobabitali walikufa 30, na wale wengine 14. Hatari ilizidi kwa watoto waliopewa fenobabitali pamoja na dozi tatu au zaidi za diazepamu, dawa nyingine ya kuzima degedege. Wazazi na watafiti walikuwa na nia njema. Ilikuwa kipimo kimoja kikubwa, kwa mtoto aliye taabani, na pumzi ilishindwa. Jaribio hilo halihusu mgonjwa wa kifafa anayekunywa kidonge chake kila usiku, na asiwepo wa kulitumia kumtisha aiache.

Kwa sababu kuacha ndiyo balaa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Mtu akiambiwa "usichanganye dawa", halafu anaumwa kichwa, ataacha Gardénal ili anywe para. Kwa siku mbili tatu hataona tofauti, kwa kuwa fenobabitali hutoka mwilini polepole, kisha kifafa kitamrudia akiwa penye moto au kwenye mtumbwi akivua ndagala. Ushauri uliokusudiwa kumlinda utakuwa umemwangusha.

Na Gardénal si rahisi kuipata tena. Iko kwenye orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1977, lakini imo pia kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuiingiza nchini kunahitaji vibali. Para haina masharti hayo. Zaire iligawanywa katika maeneo ya afya 306 katikati ya miaka ya 1980, mpangilio uliosifiwa sana wakati huo, lakini uchumi ukaporomoka, vikafuata vita vya 1996 na 1998, na rafu za dawa zikabaki tupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi maskini wenye kifafa watatu kati ya wanne hawapati tiba. Kwa hao, kuuliza kama para inachanganyika na Gardénal ni kuuliza juu ya dawa ambayo hawana.

Kwa aliyenayo, hesabu ni hii. Mtu mzima mwenye lishe nzuri anaweza kunywa para vidonge viwili vya miligramu 500, akisubiri angalau saa nne kabla ya vingine, na asizidi vidonge vinane kwa siku. Aliyekonda, mwenye njaa, mnywaji wa pombe, au anayetumia Gardénal, fenitoini au kabamazepini kwa muda mrefu, madaktari wengi humshauri abaki kwenye vidonge vinne hadi sita kwa siku, tena kwa siku chache. Mtoto hupimwa kwa uzito wake. Dawa za mafua na mchanganyiko wa maumivu unaouzwa kwa kidonge kimoja mara nyingi zina para ndani yake, nazo zihesabiwe. Gardénal iendelee kunywewa saa yake ileile.

Aliyezidisha ana dawa ya kumwokoa. Asetilisisteini, iliyothibitishwa na Laurie Prescott na wenzake Edinburgh katika miaka ya 1970, hurudisha kinga ya ini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu kumeza. Siku ya kwanza mtu huyo anaweza kujiona mzima kabisa, pengine kichefuchefu tu. Manjano ya macho huja baadaye, ini likiwa limekwisha kuumia. Kwa hiyo asingojee dalili. Aende hospitali siku hiyohiyo akiwa na pakiti zote mbili mkononi, na amweleze muuguzi vidonge vingapi vya para alivyomeza, saa ngapi, na kwamba anatumia Gardénal.